"Nimeitazama akili yangu, sioni kitu": jibu kwa msomaji wa Kirumba

Swali limetoka kwa kijana anayenunua dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, na kuwapeleka mikoani. Nalifupisha:

"Shikamoo mama mwalimu. Huu ni mwezi wa tano nakaa kutafakari kila usiku nikitoka kazini, dakika 30, kwa kufuata mafundisho ya Kibuddha ninayoyasikiliza kwenye simu. Mwalimu anasema 'geukia akili yenyewe, itambue asili yake.' Nikigeuka, siku nyingine mawazo yanamwagika kuliko hata kabla sijaanza. Siku nyingine sioni kitu kabisa, nabaki nimeduwaa. Wiki iliyopita nikahisi kuna anayetazama kutokea kisogoni, mawazo yanapita, yeye habadiliki. Je, ndiyo hiyo asili ya akili? Mama yangu anasema niache kabla sijaingiliwa na majini."

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema jambo ambalo watu waliokaa miaka mingi huona haya kulisema, kwamba umeangalia na hukuona kitu. Hapo ndipo tutakapofanyia kazi. Huyo wa kisogoni nitamfikia, na mama yako sitamruka. Ila tuanze na neno lenyewe, maana nadhani nusu ya taabu yako imeletwa na hili neno "akili".

Hotuba za Buddha zilizohifadhiwa kwa lugha ya Kipali zinatumia neno citta, tamka "chitta". Kiswahili hakina neno moja la kulijaza, tumeligawa. Mtoto akifaulu hesabu ana akili, aliyefiwa moyo wake umevunjika, aliyedhulumiwa roho inamuuma. Citta inazoa vyote hivyo kwa mkupuo mmoja. Sasa wewe ukiambiwa "geukia akili", nahisi unakwenda kupekua kwenye paji la uso, pale unapopigia hesabu za magunia. Hofu ya deni iliyokaa tumboni unaiacha nje. Uchovu wa mabega unauacha nje. Ile hamu ya kuishika simu unaiona ni usumbufu unaokuzuia kuiona akili. Mwanangu, hivyo ndivyo ulivyotumwa kuvitazama. Umekuwa ukisogeza dagaa pembeni ili upate nafasi ya kutafuta dagaa.

Na "kutafakari" nalo lina mtego wake, kwa sababu kwetu kutafakari ni kuliwazia jambo kwa kina. Neno la Kipali ni bhavana, yaani kukuza, kulea, kama mtu anavyolea mche. Mimi na wanaokuja kwangu Luchelele tunasema "kukaa" tu, na inatosha.

Hilo la mawazo kumwagika nitalipitia haraka. Umewahi kulala mchana kwenye nyumba ya bati lenye tundu? Mwali wa jua ukipenya unaona vumbi linacheza hewani, unadhani nyumba imechafuka ghafla. Vumbi lilikuwepo tangu asubuhi. Karibu kila mtu anayeanza kukaa hupita hapo, na wengi huacha hapo wakidhani hawana kipaji. Wewe umevuka miezi minne. Endelea.

La kutoona kitu ndilo lenye uzito.

Kuna hotuba ambamo Brahmin mmoja, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa India, jina lake Sangarava, alimwendea Buddha na swali linalofanana na lako. Aliuliza kwa nini siku nyingine nyimbo takatifu alizozikariri muda mrefu hazimjii, na siku nyingine hata zile asizozikariri zinamjia wazi. Buddha akamjibu kwa bakuli la maji. Mtu mwenye macho mazima akitaka kuuona uso wake ndani ya bakuli, yako maji ya aina tano yatakayomnyima. Hotuba hii naipenda kuliko nyingi, na mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hili anaielewa haraka kuliko mimi nilivyoielewa kwenye karatasi.

Maji ya kwanza yametiwa rangi. Hotuba inataja manjano, haya haya tunayotia kwenye mchuzi. Hiyo ni tamaa: kila unachokitazama kimeshika rangi ya unachokitaka. Ya pili yanatokota juu ya moto, nayo ni chuki. Ya nne, nitairudia ya tatu, yanapigwa na upepo. Ni mahangaiko na majuto, akili inayorudi kwenye bei ya jana na kukimbilia bei ya kesho. Ya tano yamevurugika tope na yamewekwa gizani. Hayo ni mashaka, na maneno ya mama yako nahisi yametia tope kidogo, ingawa yeye hakukusudia.

Ya tatu yamefunikwa na ukoga na majani ya majini. Hapa sihitaji kukuchorea picha. Unayajua magugu maji yalivyolivamia ziwa letu tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: kijani kibichi kinachopendeza kwa juu, mtumbwi haupenyi, na ukiinama huoni hata kivuli chako. Huo ni uzito wa akili, kusinzia ukiwa macho. Ubaya wake ni kwamba unafanana na utulivu, maana maji yaliyozibwa hayatikisiki. Mtu anaweza kukaa chini ya magugu mwaka mzima akidhani amefika.

Nina hofu kuwa baadhi ya siku zako za "sioni kitu, nimeduwaa" zilikuwa za namna hiyo. Umeamka usiku kuwahi mitumbwi, umesimama juani, umebishana bei kutwa, halafu unakaa saa nne usiku kwenye godoro. Jipime hivi. Ukimaliza kukaa, jiulize ni sauti gani zimepita nje. Kama jirani alifunga mlango, mbwa akabweka, bodaboda ikapanda kilima, na wewe hukumbuki hata kimoja, ujue ulizibwa. Siku hiyo hukuwa na nafasi ya kuona asili ya kitu chochote, na si kosa lako, ni mwili unadai usingizi wake. Hamisha kukaa kwako kabla hujateremka Mwaloni, hata kama ni dakika 15. Kaa macho yakiwa wazi nusu, mgongo haujaegemea ukuta.

Ukiona una maji ya aina fulani, usianze kupigana nayo. Hotuba ya Satipatthana inafundisha kuzingatia mambo manne: mwili, hisia, akili, na yale yanayopita akilini. Inapofika kwenye akili, agizo lake ni jepesi mpaka mtu anaweza kulidharau. Akili ikiwa na hasira, jua ina hasira. Ikiwa haina, jua haina. Ikiwa imesinyaa, jua imesinyaa, ikiwa imetawanyika, jua imetawanyika. Mstari unaokuambia uone aibu haumo.

Nikuonyeshe kwa karibu jinsi kazi hiyo inavyofanyika.

Jioni moja nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba, ziwa likiwa mbele yangu, na baa ya ng'ambo ya bonde ikafungulia muziki. Ndani ya pumzi mbili nikawa nimewaka. Nikaamua niitazame hasira yenyewe, baa niiache. Niliona nini? Joto kwenye koo. Meno yamegusana. Picha ya mwenye baa akicheka, na wala simjui sura. Kisha sentensi, kwa sauti yangu mwenyewe: "Watu hawa hawana adabu." Sentensi ikirudi, joto linapanda. Joto likipanda, sentensi inarudi. Nikawa natafuta hasira yenyewe iko wapi kati ya hivyo vinne, sikuipata. Napata koo, napata picha, napata maneno. Mara umeme ukakatika. Kimya. Nikasikia maji yakigonga mawe. Na hasira bado ipo! Muziki haupo, hasira ipo. Ikahangaika kama pumzi kumi ikitafuta cha kushika, ikamrukia fundi aliyechelewa kunirudishia cherehani. Buddha aliifananisha akili na nyani msituni, anayeachia tawi hili pale tu anaposhika lile. Halafu ikaisha, na mlango iliotokea sikuuona.

Maswali ya kutazama namna hii ni matatu: wazo hili limetoka wapi, limekaa wapi, limekwenda wapi. Walimu wa Tibet, katika mapokeo yanayoitwa Mahamudra, humpa mwanafunzi maswali ya aina hii kuwa kazi yake kwa siku nyingi. Akili ina rangi? Ina umbo? Iko ndani ya mwili au nje? Hawataki jibu la kitabuni. Mwanafunzi anakwenda, anatazama, anarudi kueleza alichokiona, anarudishwa tena. Na wengi, mwanangu, wanarudi na jibu lako: nimetafuta, sikuona.

Wazee wa Zen, mapokeo ya Kibuddha ya China na Japani, wanasimulia habari ya Bodhidharma, mtawa aliyetoka India kwenda China. Mtu wa China aitwaye Huike alimwendea akilalamika kwamba akili yake haina amani, akamwomba aitulize. Bodhidharma akamwambia: ilete hapa niitulize. Huike akajibu kwamba ameitafuta na hakuipata. Akaambiwa: basi, nimeshakutulizia. Watu hupenda kuisimulia haraka, na ikisimuliwa haraka inasikika kama ujanja wa maneno. Lakini kutopata kwa Huike kulitoka kwenye kutafuta kwelikweli. Aliyelala chini ya magugu naye anasema "sikupata", ila yeye hakutafuta.

Tofauti utaijua kwa hili. Siku ambayo umeangalia ukiwa macho, maji safi, na hukuona cha kushika, je, mbwa alipobweka hukumsikia? Ulimsikia, tena wazi. Hukuona kitu kinachosikia, na kusikia kuliendelea bila kikwazo. Yashike hayo mawili pamoja bila kuliangusha moja: hakuna cha kushika, na bado kunajulikana. Ukishika la kwanza peke yake utazama katika kuduwaa. Ukishika la pili peke yake, utamjenga mtu wa kisogoni.

Tumemfikia sasa.

Alikuwepo mtawa aliyeitwa Sati, na hotuba inamtaja waziwazi kuwa mwana wa mvuvi. Yeye alikuwa akisema kwamba fahamu hii hii moja, bila kubadilika, ndiyo inayozunguka toka maisha hata maisha, ndiyo inayosema na kuhisi. Wenzake walimsihi, akang'ang'ania. Buddha akamwita na kumkemea mbele yao, akisema hakuwahi kumfundisha mtu hivyo. Fahamu hutokea kwa sababu zake. Kukiwa na jicho na kinachoonekana, hutokea fahamu ya jicho; kukiwa na sikio na sauti, fahamu ya sikio. Akatoa mfano wa moto: unaitwa kwa kile unachokula, moto wa magogo, moto wa nyasi, moto wa samadi. Wafugaji wa huku kwetu moto wa samadi wanaujua, moshi wake na harufu yake. Samadi ikiisha, hakuna anayeuliza moto wa samadi umehamia wapi.

Rudi kwa mtazamaji wako na jambo hilo mkononi. Akitokea tena, usimfukuze wala usimfurahie. Mkague. Kisogoni pana nini hasa? Mimi nilipokuwa naye, na nilikuwa naye kwa muda mrefu, nilikuta mkazo mdogo wa misuli na picha hafifu ya mtu aliyeketi nyuma yangu. Mkazo ule nilikuwa nauhisi, picha ile nilikuwa naiona. Basi vyote viwili vilikuwa miongoni mwa vinavyotazamwa, kama lile wazo la cherehani. Kisha ngoja honi ya gari. Je, alikuwa amekaa tayari kuisubiri honi, au baada ya honi kusikika ndipo likaja wazo kwamba "nimesikia"? Liangalie hilo siku nyingi kabla ya kunijibu.

Katika hotuba yake ya pili kule Sarnath, India, kwa wanafunzi wake watano wa kwanza, Buddha alitoa kipimo ambacho unaweza kukitumia hata ukiwa kwenye daladala. Kama fahamu ingekuwa ni wewe, ungeiamuru: iwe hivi, isiwe hivi. Jaribu usiku ukikosa usingizi. Iambie ilale.

Sisemi ulichokiona ni kibaya. Kabla yake ulikuwa ndani ya kila wazo, sasa umepata umbali, na umbali huo ni mafanikio ya kweli. Pumzika hapo, ila usipajengee.

Sitakuficha kwamba mapokeo hayatamki jambo hili kwa sauti moja. Watawa wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar wanasisitiza kuona kutokea na kutoweka. Mahasi Sayadaw wa Myanmar (1904–1982) alifundisha kufuata tumbo linavyoinuka na kushuka, na kukitaja kimoyomoyo kila kinachotokea. Watibet na watu wa Zen wanakupeleka moja kwa moja kuitambua akili ilivyo. Kwa anayetumia simu bila mwalimu, mimi ningeanza na tumbo. Mafundisho ya moja kwa moja ni mazuri mno, lakini yanahitaji mtu wa kukuambia "hapo umesinzia" au "hapo umejenga".

Kuna kauli fupi katika hotuba hizo za Kipali ambayo pande zote huipenda: citta inang'aa, na uchafu unaoichafua ni wa kuja. Neno lililotumika ni agantuka, yaani mgeni. Nilipolijua nilicheka kwa furaha, kwa sababu Kiswahili kimekaa hivyo hivyo. Hasira zimenipanda. Usingizi umenichukua. Wasiwasi umeniingia. Wazo limenijia. Lugha yenyewe inaviona vikija kutoka njiani. Halafu kuna lile tunalolisema mtu akiwa na shida, "ana mawazo", na papo hapo mgeni amepewa hati ya nyumba. Kwa wiki moja, kila unapotaka kusema moyoni "nina mawazo", sema "yamenijia". Sikiliza kinachobadilika kifuani.

Kuhusu mama. Usimjibu kwa ukali wala usimwone mshamba. Anaona mwanawe amefumba macho gizani, hasemi, hacheki, na hajui anachofanya. Ukihamia asubuhi, kaa sebuleni, mlango wazi, umwambie: mama, naangalia pumzi, ukinihitaji niite. Akiita, itika. Lakini pia usimdanganye kwamba hakuna tofauti yoyote na mlichofundishwa nyumbani. Kutulia na kuangalia pumzi mtu wa imani yoyote anaweza. Fundisho la Buddha kwamba ukitafuta kote hutakuta nafsi ya kudumu haliendani na lile la roho ambalo kanisani na msikitini wanalifundisha, na mtu mzima ana haki ya kulijua hilo mapema. Na yote haya Buddha aliyajenga juu ya mwenendo: kutoua, kutoiba, kutodanganya. Anayepunja mizani mchana atakuta mizani ile ile inamsubiri akikaa.

Jambo moja naliweka wazi kabisa. Ukianza kukosa usingizi siku mfululizo, kusikia sauti zinazokuamuru, kuona dunia si ya kweli mpaka unaogopa, au kupata mawazo ya kujidhuru, acha kukaa siku hiyo hiyo, mwambie mtu wa nyumbani, nenda hospitali kwa wataalamu wa afya ya akili. Si woga huo. Hata wanafunzi wangu mimi mwenyewe huwasimamisha.

Ukiweza, mtafute mtu wa kukuona kwa macho, maana simu haioni shingo yako ikilala. Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka mwanzoni mwa karne iliyopita. Na ng'ambo ya ziwa hili hili, karibu na Entebbe, kuna Uganda Buddhist Centre, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa Mganda. Maji yanayogonga mawe ya Kirumba na ya kule ni ya ziwa moja.

Niandikie tena baada ya wiki tatu. Usinieleze kama umeiona asili ya akili. Nieleze wazo moja tu, lo lote, hata la bei ya dagaa: lilikuja na nini mwilini, lilisema maneno gani, na lilipokwisha ulikuwa unasikia nini.